Maji ya Mississippi Yakipungua, Fuata Mkondo Uliobaki

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeishi Davenport, Iowa, aliniandikia baada ya kuona picha ya samaki wangu wa Jumamosi: “Shikamoo dada. Mto huu umekwisha. Mawe yote yako nje, boti zinagonga chini, mimi nimeshafungia ndoano zangu hadi mwezi wa nne. Wewe hao unawatoa wapi?”

Marahaba mdogo wangu. Nawatoa mto huohuo, ng'ambo tu ya hapo ulipo, upande wa Rock Island, Illinois. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua mko wengi. Kila Oktoba ikija na ukame, Waswahili wa Moline, Rock Island na Davenport waliokuwa wakivua kiangazi chote wanapotea ukingoni. Mnaondoka wakati mtamu kuliko yote unapoanza, na mimi jambo hilo linanisikitisha kweli.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Ni samaki wawili ndugu: wolai (walleye), ambaye wataalamu humwita Sander vitreus, na sauga (sauger), Sander canadensis. Kwa haraka wanafanana, mwili mrefu, miiba mgongoni, meno makali. Tazama mkia. Wolai ana weupe kwenye ncha ya chini ya mkia na doa jeusi mwishoni mwa pezi la kwanza la mgongo. Sauga hana weupe huo. Ana mabaka ya kahawia mwilini na madoadoa meusi kwenye pezi la mgongo. Jifunze kuwatofautisha kabla hujatia ndoano majini, maana sheria nayo inawatenganisha. Wote wawili jicho lina utando kwa ndani unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukiwamulika usiku macho yanawaka. Wanaona vizuri gizani na kwenye maji ya tope kuliko visamaki wanavyovila, na wanaitumia nafasi hiyo.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Nimekulia mwalo wa Kibirizi, nikianika dagaa pamoja na mama, kwa hiyo habari ya samaki na mwanga niliijua kabla sijajua kusoma. Kwetu wavuvi hutoka na taa usiku wa giza. Dagaa wanafuata mwanga, migebuka inafuata dagaa, na mbalamwezi ikijaa mitumbwi inapumzika. Lakini mtumbwini sikupanda. Kazi yetu wanawake ilikuwa nchi kavu: kununua, kuanika, kuuza. Nilikuwa nasimama ufukweni alfajiri natazama taa zikirudi, na moyoni nilitamani kujua kinachotokea kule kwenye giza.

Nilipohamia Illinois nikakata leseni, nikanunua ufito na rili, nikaenda mtoni peke yangu. Mzee mmoja wa jumuiya yetu akaniambia mbele za watu kwamba mwanamke akishika ndoano samaki wanakimbia. Watu wakacheka. Mwaka ule maji yalikuwa chini kama mwaka huu, na wanaume wenye boti walikuwa wakirudi mikono mitupu na kusema mto umekufa. Niliomba nafasi kwenye boti moja nikaambiwa imejaa, nami naiona ina viti vitupu. Neno lile na viti vile bado vinaniuma. Sikuwa na boti, basi nikasimama ukingoni jioni baada ya jioni, nikitazama maji yanavyokwenda. Hapo ndipo nilipojifunza ninachowaandikia leo, na waliocheka sasa wananipigia simu kuuliza samaki wako wapi.

Huku juu Mississippi haujiendei wenyewe. Kuanzia Minneapolis hadi St. Louis umekatwa na mabwawa yenye malango ya kupitishia vyombo, mengi yamejengwa miaka ya 1930, ili njia ya matishari iwe na kina cha futi 9. Bwawa namba 15 liko hapa Rock Island, lilikamilika 1934, na linalofuata, namba 16, liko Muscatine. Mabwawa hayo yanashikilia maji. Mvua zikikosekana, mto wa kwetu hauanguki kama kule Memphis, chini zaidi ya St. Louis, ambako Oktoba 2022 kipimo kilishuka hadi rekodi na matishari yakakwama kwenye mchanga, kisha Oktoba 2023 rekodi hiyohiyo ikavunjwa. Kwetu kina kinapungua kiasi. Kinachopungua sana ni mwendo wa maji.

Na wolai na sauga wanaishi kwa mwendo wa maji. Wanakaa pembeni mwa mkondo, mahali pa kupumzikia, wakingoja chakula kiletwe. Maji yakilala, pale walipokaa Agosti hapawafai tena. Wanahama kufuata mkondo popote ulipobaki, na katika mto uliopungua sehemu hizo ni chache. Wakati huohuo baridi inaingia. Maji yakikaribia nyuzi 10 za Selsiasi, samaki hawa wanaanza kupanda mto kuelekea chini ya mabwawa, pale maji yanapotoka, na kwenye mashimo marefu watakakopitisha baridi. Mambo mawili yanawasukuma mahali pamoja. Ndiyo maana nasema mto ukipungua unakusanya samaki. Mvuvi aliyezoea kutupa ndoano popote wakati wa maji mengi ndiye anayesema mto umekufa, kwa kuwa pale anapotupa kwa kweli hapana kitu.

Basi mahali pa kwanza ni chini ya bwawa. Usiangalie bwawa zima. Angalia ni malango gani ya kutolea maji yamefunguliwa. Maji yakiwa haba hufunguliwa machache, na mkondo unatoka kwa mstari mmoja au miwili. Ukisimama kimya utaona mshono, upande mmoja maji yanakimbia, upande wa pili yanazunguka polepole au yanarudi nyuma. Tupa ndoano kwenye maji yanayokimbia, iache iteleze hadi kwenye mshono. Samaki yuko upande wa maji ya polepole, pua ameielekeza kwenye mbio. Mshono huo unahama malango yanapobadilishwa, kwa hiyo palipokupa samaki jana huenda leo pakawa maji matupu. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani hutoa kila siku vipimo vya mto kwenye intaneti, kina na wingi wa maji yanayopita. Visome kabla hujatoka nyumbani. Mimi huvisoma nikinywa chai.

Mahali pa pili ni matuta ya mawe yaliyozama. Hayo wengi hawayajui kwa sababu hayaonekani. Kabla ya mabwawa, tangu karne ya 19, serikali ilijenga vikuta vya mawe juu ya matita ya matawi ya mierebi, kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili kusukuma mkondo uchimbe njia ya meli. Bado vipo chini ya maji. Juu yake utaona mstari wa viwimbi wakati kwingine kote ni shwari. Watu hudhani samaki amejificha nyuma ya tuta. Wolai anayekula yuko mbele yake, upande mkondo unakotokea, kwa sababu maji yakigonga mawe yanapanda na kuacha maji ya polepole pale chini mbele. Kwenye ncha ya tuta, mkondo huchimba shimo, na humo utakuta sauga. Mwenye boti apite mbali, matuta haya yanavunja propela, na maji yakipungua yanakuwa karibu sana na uso. Sisi wa ukingoni tuna nafuu hapo, yaliyo karibu na nchi kavu tunayafikia bila hofu.

Kuhusu vifaa sina mengi. Ndoano yenye kichwa cha risasi, mkia wa plastiki au kisamaki hai, basi. Jambo moja linalobadilika ni uzito. Wakati wa maji mengi nilikuwa natumia aunsi 3/8 ili ifike chini. Sasa natumia 1/8, na 1/4 karibu na malango. Ikiwa nzito inadondoka kama jiwe na samaki hana muda wa kuiamini. Iguse chini, inyanyue kiasi cha shubiri, ishushe huku mshipi ukiwa umekaza kidogo. Mara nyingi samaki anadaka inapokuwa inashuka, na utasikia mguso mdogo tu, au uzito ambao haukuwepo. Vuta. Sauga ana tabia ya kung'ata mkia na kuacha ndoano, kwa hiyo funga kindoano kidogo cha pili nyuma. Maji haba huwa maangavu, tumia mshipi mwembamba, na kila baada ya mitupo kadhaa upitishe kati ya vidole. Mawe ya huku yamejaa kome wa pundamilia, wageni walioingia mto huu miaka ya 1990, na magamba yao yanakata mshipi. Ukisikia mkwaruzo, kata kipande hicho, funga upya.

Saa nayo ni muhimu kuliko rangi ya plastiki mnayobishania. Maji yakiwa maangavu na jua kali, wolai anashuka kwenye kina na kutulia. Saa ya mwisho ya mwanga anapanda juu ya matuta kula, na alfajiri vivyo hivyo. Mchana wa jua mtafute sauga kwenye mashimo, yeye anapenda kina na giza la chini, anakula hata saa sita. Siku ya mawingu na upepo, kama una siku ya likizo ichukue, usiende kazini.

Nawasemesha hapa hasa dada zangu mnaofanya zamu za usiku viwandani. Mnatoka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yenyewe. Mnapita na gari juu ya daraja mkiwa mmechoka, na chini yenu samaki wanakula. Saa moja tu kabla ya kulala inatosha. Msingoje kualikwa kwenye boti ya mtu. Msingoje mume apate nafasi. Leseni inauzwa kwa jina lako mwenyewe, na ukingo wa bustani ya mji ni wa kila mtu. Mkondo hauulizi nani ameshika ufito. Ukijifunza kuutazama, utakufundisha, na atakayekucheka mwezi huu utamkuta mwaka kesho amesimama pembeni yako akitazama unatupa wapi.

Sheria zetu za sehemu hii ya mto ni hizi: wolai hachukuliwi akiwa chini ya inchi 15, na mwenye inchi 20 hadi 27 anarudishwa, kwa kuwa wengi wao ni majike wazazi. Wolai na sauga kwa pamoja ni 6 kwa siku. Soma kijitabu cha mwaka husika kila unapokata leseni, maana hubadilika. Leseni ya Iowa au ya Illinois inakubalika kwenye mto wenyewe. Chini ya bwawa kuna eneo la hatari la futi 150 ambalo boti hairuhusiwi, limewekewa alama. Hata kama wenzako wanaingia, usiingie. Vaa jaketi la kuokoa maisha hata ukiwa umesimama kwenye mawe. Maji ya Novemba yanamlegeza mtu mikono kabla hajafika ukingoni, hata aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika.

Na kuhusu mashimo marefu, kijana wangu, kwa kuwa najua utayapata na utafurahi: sauga aliyevutwa haraka kutoka futi 30 anafika juu kifuko chake cha hewa kimevimba, wakati mwingine tumbo limetokeza mdomoni. Ukimrudisha anaelea tu, kisha anakufa. Kwa hiyo kwenye kina hicho mimi huvua wa kula peke yake. Wakitosha chungu, nahamia kwenye futi 10 au 12, mbele ya matuta, ambako wolai mkubwa anaweza kutolewa ndoano na kurudi chini akiwa mzima.