Ukianza kuwafundisha wageni Kiswahili Moshi

Mwalimu mwenzangu, najua umeandaa jedwali la ngeli. Wiki ya kwanza liache nyumbani. Mimi nililibandika ukutani siku ya kwanza. Mwanafunzi wangu, daktari wa kujitolea, akalikariri lote. Siku ya tatu alishindwa kununua nyanya.

Nikamgeukia mwanaisimu Stephen Krashen, anayeshikilia kwamba lugha huingia kwa kusikia maneno tunayoyaelewa, yakizidi kiwango chetu kidogo tu. Nikawa nasimulia polepole, kwa picha na vitendo. Woga uliwatoka wanafunzi. Ila baada ya mwezi walielewa kila nilichosema, na bado majibu yao yalikuwa "ndiyo" na "sawa". Mtafiti wa lugha Merrill Swain aliliona hilo Kanada miaka ya 1980 kwa watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa: kusikia wanasikia, kusema wanayumba. Akadai mwanafunzi asukumwe atunge sentensi zake.

Ndiyo maana tunashuka Mbuyuni sokoni. Mgeni anaomba kilo ya nyanya, mama muuzaji anamwambia hapa ni fungu au sado. Anauliza bei, anajibiwa "buku". Anakwama, anauliza tena, mama anarahisisha, wanaelewana. Kuhangaika huko kunamfaa kuliko mazoezi ya daftarini. Wewe kaa mbali. Ukisogea tu, mama ataanza kuongea na wewe.

Nilikochelewa zaidi ni kwenye makosa. Mwanafunzi anasema, "Kitabu yangu imepotea." Nami kwa upole, "Aa, kitabu chako kimepotea?" Anajibu, "Ndiyo, imepotea." Kumbe yeye kasikia habari ya kitabu, hiyo "ki" wala haikumpitia. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wa madarasa ya Kifaransa huko huko Kanada: kurudia kwa usahihi namna hiyo ndiyo njia walimu waliyoitumia zaidi, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe mara chache kuliko zote. Siku hizi nagusa kitabu, nasema "Kitabu...?", nanyamaza. Kungoja ni kugumu, hasa kwa sisi tunaopenda kuongea. Hesabu hadi tano kimoyomoyo. Lakini mtu akikusimulia ugonjwa wa mama yake, ngeli ziache zipite.

Wiki ya tatu hivi mmoja atalalamika: mbona kitabu "changu", halafu nyumba "yangu"? Kesho yake njoo na jedwali lako.