Jibu: saini na malipo havitoshi kuwa ridhaa

Umeuliza: kama wanaume wa India walitia saini na kulipwa, kwa nini tuseme serikali iliwalazimisha kufunga uzazi?

Usiitazame fomu, tazama aliyeileta. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa nchini humo na serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi, 1975 hadi 1977, watumishi wa serikali, walimu wakiwemo, walipangiwa idadi ya watu wa kupeleka kufungwa uzazi. Asiyefikisha alizuiliwa mshahara. Naye mwananchi, sehemu nyingi, bila cheti cha kufungwa uzazi hakupata leseni, mkopo wala nyumba. Kwa mtu mwenye njaa, hiyo saini ina uzito gani? Mwaka wa 1976/77 pekee walifungwa uzazi watu wapatao milioni 8, wengi wao wanaume. Kijiji cha Uttawar, jimbo la Haryana, kilizingirwa na polisi, wanaume wakapelekwa kufungwa uzazi kwa nguvu.

Hata kitabibu, kulazimisha idadi itimie huharibu kazi. Kufunga mirija ya mwanaume ni upasuaji mdogo, ila mbegu hubaki kwa takriban miezi 3, hivyo lazima arudi apimwe. Kambi ya upasuaji inayohesabu vichwa haimsubiri mtu. Wazee na wasio na wake nao waliingizwa, ili hesabu itimie tu.

Machi 1977 Indira Gandhi alishindwa uchaguzi, kwa sehemu kwa hasira hiyo. Serikali zilizofuata zikawaogopa wanaume, mzigo ukahamia kwa wanawake. Bilaspur, jimbo la Chhattisgarh, Novemba 2014: daktari mmoja aliwafunga uzazi wanawake 83 kwa saa chache, wakati kikomo kilikuwa 30 kwa siku. Zaidi ya 10 walifariki.