Nyumba ya jirani ndo kivuli chako

Mmeuliza wiki hii watu wa kale waliishije kwenye joto bila feni wala kiyoyozi. Mi nimelelewa na nyanya Lamu, kwenye nyumba ya mawe ya karne ya 18, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Ukuta kwanza. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita hivi, jua linaupiga tangu asubuhi na joto linapenya pole pole, mpaka lije litokee ndani ni magharibi na watu washapanda zao juu ya nyumba, chini ya makuti, kupunga upepo. Nje madirisha karibu hakuna, hewa na mwangaza vinatoka kiwanda, ule ua ulio wazi juu, halafu vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya chengine, msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa mbele ulio karibu na kiwanda, msana wa yuu, ukumbi unaofuata nyuma yake, kisha chumba tunachokiita ndani, na kila ukizidi kuingia ndo ubaridi unazidi. Saa nane mchana nyanya alikuwa analala huko nyuma kabisa na leso kajifunika!

Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya boriti za mikoko, hazivuki zaidi ya kama mita 3, ila juu yake wanashindilia mawe na chokaa mpaka dari inakuwa nzito, jua la utosi halipiti.

Lakini kubwa kwangu mi ni njia. Tangu UNESCO waiweke Lamu kwenye urithi wa dunia 2001 wageni wanakuja wanapiga picha milango, na milango ni mizuri kweli, ila tazameni njia zilivyobanana, nyumba hii inaitilia kivuli ile, na pengine chumba kimevuka kabisa juu ya njia, tunaita wikio, ukipita chini yake mchana unahisi mwili umepoa. Hakuna nyumba iliyokuwa inajipoza peke yake, mtaa mzima ulikuwa unapozana.

Nalijua hili kwa sababu nyumba ya jirani yetu ilianguka pakabaki kiwanja kitupu, ukuta wetu wa nyuma, ambao haukuwahi kuona jua, ukawa unachomwa kuanzia adhuhuri mpaka jua lizame. Usiku joto lote linamrudia nyanya. Chumba alicholala tangu aolewe akakihama, akatandika kitanda chake msana wa tini karibu na kiwanda, na huko ndo alilala mpaka mwisho.