Mbuzi Amekula Riwaya Yangu, Mke Wangu Akacheka

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Lushoto, nina mke na watoto watatu. Tangu utotoni nina kipaji cha kuandika, na mwaka jana niliacha kibarua cha kufundisha masomo ya jioni ili nimalize riwaya yangu. Tatizo ni mke wangu. Nikishika kalamu tu ananiita: mara majani ya ng'ombe yameisha, mara ndama amekata kamba, mara maziwa hayajapelekwa kituoni. Mwezi wa nne kuku wetu 14 walikufa kwa kideri, lawama zote zikanishukia mimi, wakati hela yenyewe ya chanjo ilikuwa ndogo. Wiki mbili zilizopita mbuzi aliingia sebuleni akala kurasa kama 40 za kaunta buku langu. Mke wangu alicheka, Shangazi, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akachukua kurasa zilizobaki akazificha kwenye debe la unga, nikazitafuta siku mbili. Juzi kanikera zaidi: eti binti wa sura ya tano hawezi kukubali kuolewa na yule mzee. Mama yake naye anasema nimeoa kalamu. Shaaban Robert wa Tanga yetu angeandikaje kama kila saa anaitwa kukata majani? Nafikiria kwenda Dar es Salaam nikapange chumba miezi sita niandike kwa utulivu. Nishauri.
Mwandishi Mtarajiwa, Lushoto

Marahaba mwanangu. Pole kwa kurasa 40. Kazi ya mkono inauma ikipotea, na maneno yaliyopotea hayarudi vilevile yalivyokuwa. Pole hiyo ipokee, maana ndiyo pekee niliyokuja nayo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia mkeo anazidi kupanda machoni pangu.

Tuanze na huyo mbuzi. Mbuzi aliyepewa majani ya kutosha hahangaiki kutoka bandani, na mlango uliofungwa haufungui kwa pembe. Kwa hiyo siku hiyo banda lilikuwa wazi, mlango wa sebule ulikuwa wazi, na kaunta buku lilikuwa chini mahali mdomo wa mbuzi unafika. Nani alikuwa nyumbani? Hukusema, lakini kwa barua yako mwenye kukaa sebuleni mchana ni wewe. Mkeo alikuwa kwenye majani. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akakamua, akashuka bondeni na kupanda mlima na mzigo wa majani ya guatemala kichwani, akifika mlangoni akamkuta mbuzi anatafuna riwaya, ana mawili tu: alie au acheke. Alicheka, tena akakaa chini. Miguu ilikuwa imechoka, baba.

Halafu kuku. Umeandika hela ya chanjo "ilikuwa ndogo". Hukuandika kwamba haikuwepo. Basi ilikuwepo, na ilipita mikononi mwako. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni mwa kuku, kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kimoja kinawatosha kuku wako na wa majirani. Ni kazi ya jioni moja, mmoja anamshika kuku, mwingine anadondosha. Kama hela hiyo iligeuka kalamu na karatasi, nenda kamwombe mkeo msamaha leo kabla jua halijazama. Kama nimekuonea, nisamehe mimi.

Sasa debe la unga. Hapo ndipo nilipoweka miwani chini nikakaa kimya kidogo. Wewe unaita kuficha. Mimi Lushoto naijua. Mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka chumbani, nguo zinakaa siku tatu kambani hazikauki, na karatasi iliyoachwa mezani asubuhi unaikuta imelegea kama chapati ya jana. Panya nao hawana adabu na daftari. Katika nyumba yenu, mahali pakavu, penye mfuniko, pasipofikiwa na panya wala mbuzi wala mtoto, ni debe la unga. Ndimo anamotunza chakula cha watoto wake. Akapangusa kurasa zako akaziweka humo. Sijui mke mwingine ataonyeshaje heshima kwa maandishi ya mumewe kuliko hivyo.

Na sura ya tano? Umelalamika kwamba ameisema vibaya. Mwanangu, ili mtu aseme binti wa sura ya tano asingekubali, lazima awe amesoma sura ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Alisoma saa ngapi? Hesabu siku yake: kukamua, maziwa kituoni, watoto shule, majani, kupika, kukamua tena jioni, kuwaogesha watoto. Alisoma usiku ukiwa umelala. Waandishi wengi wanatafuta maisha yao yote mtu mmoja wa kuwasoma kwa makini, hawampati. Wewe unaye, na unataka kumkimbia uende Dar. Tena huenda ana haki kuhusu huyo binti. Yeye alishakuwa binti, wewe hujawahi.

Mama mkwe kasema umeoa kalamu. Wapo wakwe ambao kwa kuku 14 peke yao wangekuja kumchukua binti yao na mizigo. Huyu ameishia kwenye maneno. Mshukuru, na ukienda kumsalimia mpelekee maziwa.

Niseme na wengine mnaosoma, kwa sababu barua za namna hii zimekuwa nyingi. Siku hizi kila mtu anaingia kwenye ndoa na ndoto yake. Mmoja ataimba, mwingine atafungua biashara, mwingine ataandika. Ni vizuri, hata mimi nilikuwa nayo yangu. Ubaya unaanza pale mmoja anapoita yake kipaji na ya mwenzake anaiita kelele. Watoto walale, ng'ombe akamuliwe, ada ilipwe, vyote hivyo vinageuka usumbufu kwa mwenye kipaji, na mwenzake anageuka adui wa maendeleo. Zamani wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwako mwepesi kwa sababu hujaubeba. Wanawake nao wanafanya haya, nisifiche, ila leo aliyeniandikia ni mwanaume. Kabla hujasema mwenzako hathamini ndoto yako, mtaje yeye ana ndoto gani. Mwandishi wangu, katika barua yako yote hukunitajia jambo hata moja analolipenda mkeo.

Umemtaja Shaaban Robert. Umegusa pabaya. Mtu yule aliajiriwa serikalini tangu 1926 akiwa karani wa forodha, na miaka ya 1940 alihamishiwa Mpwapwa, idara ipi unadhani? Idara ya mifugo. Vitabu vyake aliviandika akiwa mtumishi, ana bosi na ana familia. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi la kumlilia ambalo watu wanalighani hadi leo. Wa kwako yuko hai, yuko bondeni anakata majani, na hujamtungia hata mstari.

Dar usiende. Kodi ya miezi sita itatoka wapi kama si kwenye kiwele cha ng'ombe huyohuyo anayekukera? Utamuuza mtamba ili ukae kwenye chumba chenye joto, jirani kafungulia redio, ukiwaza nyumbani. Tupo na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, imeanza kutolewa 2023, inapokea miswada ya riwaya, na hakuna mahali panapomuuliza mtu aliandikia chumba gani. Wanataka mswada uliokamilika.

Fanya hivi. Kuanzia kesho majani ya asubuhi ni yako, na maziwa ya kituoni ni yako. Ukirudi saa mbili utakuwa umeona ukungu unavyopanda kutoka bondeni, umesikia wachukuzi wa maziwa wanavyobishana kwenye foleni, na hayo ndiyo yanayokosekana kwenye riwaya za watu wanaojifungia. Kisha kaa mezani, mlango ukiwa umefungwa, mpaka saa nne. Mwambie mkeo hizo ni saa zako, naye akupe zake za kupumzika jioni, usimwite. Masomo ya jioni yarudie, hata siku mbili kwa wiki. Banda la mbuzi tengeneza komeo Jumamosi hii.

Na kuhusu zile kurasa 40, mbona hujamuuliza mkeo? Amezisoma. Jioni ya leo chukua kigoda, ingia jikoni na daftari jipya, ukae karibu na moto wakati anapika, umwombe akusimulie kilichokuwemo. Usimkatize akifika kwa yule mzee.