Mnaoanza na simu za Linux, kaeni hapa kidogo

Kuna mdogo wetu kaingia juzi kwenye chumba chetu cha Matrix, ile programu ya kuchati, katupia picha ya simu imelala chali kitandani, skrini nyeusi tii, chini kaandika "haiwaki wakuu msaada". Basi. Simu gani hatujui, kaweka distro (aina ya Linux) gani hatujui, alikuwa anafanya nini kabla haijazima napo hatujui. Watu wakamuuliza vizuri tu, akarudi baada ya siku mbili na jibu moja, "bado haiwaki". Aisee. Nilicheka, nikakasirika, nikafunga laptop, nikaifungua tena, ndo haya mnayoyasoma.

Nawaandikia nyie ambao kuflashi mnajua, eMMC (hifadhi ya ndani ya simu) mnaijua, pmbootstrap (zana ya kujengea postmarketOS, Linux ya simu) mmeshaigusa hata kama mlikopi tu amri za mwenzenu. Sitaeleza dd ni nini. Kama huijui na umeshaiandika na sudo mbele, Mungu akulinde wewe na hadidiski yako.

1. Logi kwanza, picha baadaye. Skrini nyeusi haina maana simu imekufa, mara nyingi iko hai kabisa ila dereva ya skrini ndo imegoma. postmarketOS inafungua mtandao kwenye kebo ya USB, we chomeka, piga ssh user@172.16.42.1, ukiingia endesha dmesg (logi ya kerneli, moyo wa Linux), kopi yote tuletee. Yote nimesema, sio mistari mitatu uliyoona ina neno error, maana dmesg ya simu imejaa hilo neno na mengi yake hayana madhara. Ikikataa mpaka ssh na unayo PinePhone (simu ya Linux ya Pine64), fungua mfuniko wa nyuma, kuna swichi sita ndogo, ile ya hedifoni ukiizima tundu la hedifoni linageuka kuwa seriali (njia ya kusoma logi kwa waya), kasi 115200, na adapta iwe ya volti 3.3 tafadhali, ukiweka ya 5 utakuja kulia hapa. Halafu msiiogope hivyo. Ile chip ya Allwinner A64 inatafuta kadi ya SD kabla ya kugusa eMMC, kwa hiyo hata ukivuruga kila kitu unaweka Jumpdrive kwenye kadi, unawasha, eMMC inatokea kwenye laptop kama flashi ya kawaida. Nimeshaona watu wanatangaza msiba wa simu ambayo ilikuwa inataka kadi tu.

2. Salamu. Hii inatuhusu sisi hasa. Tumelelewa kwamba huingii kwa watu ukaanza na shida, kwanza hodi, habari za hapo, habari za kazi, mnaendeleaje. Sasa mtu anaingia kwenye chumba chenye watu kibao wa Ulaya na kwingineko, anawasalimia wote, anawatakia siku njema, halafu anakaa anasubiri aitikiwe ndo aseme kilichomleta. Hamna anayeitikia. Sio dharau, wanasubiri waisikie shida wajue kama wanaiweza. Wewe umenuna umeondoka, wao hawajui hata kama ulikuja. Salimia, mila usiache, ila salamu na shida na logi viwe kwenye ujumbe mmoja. Kuna kijana nilimwambia hivi akanijibu "kwa hiyo kaka nisiwe na adabu?" tukabishana weee mpaka nikasahau tatizo lake lilikuwa nini, nadhani wifi.

3. Chagua simu kwa kusoma wiki ya postmarketOS, sio kwa kuangalia kilichomo kwenye droo. Najua kila mtu ana Tecno au Infinix ya zamani imelala mahali. Nyingi zake ni MediaTek, na kama source code ya kerneli yake huna na hakuna aliyewahi kuandika device tree yake (faili la kuielezea kerneli vifaa vilivyomo), hapo utakuwa unachimba kisima kwa kijiko. Vifaa vimepangwa kwa madaraja, main, community, testing, na testing mara nyingi maana yake mtu mmoja mahali fulani aliona nembo imetokea akafurahi akaenda kulala. Ukitaka kujifunza bila kuumiza mfuko tafuta ya zamani yenye Snapdragon 410, ile MSM8916, mfano Redmi 2 au Samsung A3 ya 2015, zina lk2nd (programu ya kuwashia mfumo) na watu wengi wameshazipitia.

Na wale wa "si bora tusubiri kampuni itoe simu huria iliyokamilika", hiyo subira ina umri kuliko baadhi yenu humu. Openmoko walitoa Neo 1973 mwaka 2007, FIC ya Taiwan iko nyuma yao, mwaka uliofuata ikaja FreeRunner, mpaka michoro ya CAD ya ganda waliitoa bure. FreeRunner ikawa na mvumo kwenye maongezi, aliyeko upande wa pili anasikia nzzzz mpaka anakata, na dawa yake ilikuwa kulehemu kapasita kwenye bodi, ikafika mahali watu huko Ujerumani wanakutana siku moja na simu zao, mwenye mkono usiotetemeka anawatengenezea wenzake. Mwaka 2009 kampuni ikaachana na mambo ya simu. Pine64 walipokuja hawakuahidi hata hiyo programu, wao wanatengeneza bodi, programu ni ya jamii. BraveHeart, toleo la kwanza la PinePhone, ilianza kusafirishwa Januari 2020 bila mfumo wa kutumia, ndani kuna programu ya kupimia vifaa tu, baadaye yakaja matoleo ya UBports, postmarketOS, Manjaro, KDE na Mobian, dola 10 za kila simu zilikuwa zinaenda kwa mradi husika. Kwa hiyo ukiandika "hawa jamaa wameshindwa kurekebisha kamera mpaka leo", jamaa wenyewe ndo wewe.

4. Ukiandika Tested-by, yaani badiliko umelijaribu, sema ulijaribu nini. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Kipindi kile kilio kikubwa cha PinePhone kilikuwa betri. Crust ilikuwa imeshaanza kutuokoa, ile programu ya kwenye kichakataji kidogo cha pembeni inayoifanya A64 ilale usingizi mzito, ila usingizi ukiwa mzito ndo kazi ya kuamka inaanza. Modemu ya EG25-G sio redio tu, ndani inaendesha Linux yake yenyewe, imeunganishwa kwa USB, na mtu akikupigia inabidi itikise pini moja kuiamsha A64, A64 iamke, USB irudi, ModemManager iione modemu, ndo mlio utoke. Muda wote huo mpigaji anasubiri, akichoka anakata.

Sasa jamaa mmoja akaleta pachi inayobadilisha jinsi modemu inavyoandaliwa kabla simu haijalala. Distro siitaji. Akaomba wenye simu wajaribu. Mimi mgeni, C yangu ya kuungaunga, nimekaa muda sina nilichochangia zaidi ya kusahihisha tahajia kwenye wiki, nikaona nafasi ndo hii. Nikajenga kifurushi nikakiweka, asubuhi nikailaza simu mezani nikaenda kazini, jioni narudi betri imeshuka kidogo sana, sikuamini macho. Kesho yake nikarudia, vilevile. Nikaenda kwenye MR (ombi la kuingiza badiliko) nikaandika Tested-by, jina langu kamili na barua pepe, na kwa furaha nikaongezea kwamba betri sasa inakaa siku nzima na ushee. Wakanishukuru. Msimamizi akaweka kimoyo. Nikapiga skrinshoti nikamtumia wife, hakuelewa chochote ila akasema hongera. Pachi ikaingia edge, tawi la vitu vipya kabisa.

Wiki haijaisha malalamiko yakaanza. Simu haiiti. Mmoja anasema mkewe kapiga mara kibao, kule kwake inaita, huku skrini imezima kimya. Mwingine SMS zote zinaingia kwa mkupuo akiiamsha kwa mkono. Mwingine alikuwa anasubiri kupigiwa kuhusu usaili wa kazi, huyo sijui iliishaje, sikuwahi kupata ujasiri wa kumuuliza. Na mimi nipo, nawajibu kifua mbele, kwangu haina shida, labda mtandao wenu, hebu sasisheni firmware (programu ya ndani) ya modemu kwanza. Niliandika hivyo kabisa. Ipo mpaka leo, linki siwapi.

Mpaka msimamizi mmoja, mtu mpole sana, akaniuliza kitu cha kawaida kabisa: wewe uko mtandao gani, na ukipigiwa unabaki 4G na VoLTE (maongezi yanayopita 4G) au inashuka 3G?

Nikaanza kuandika jibu, nikasimama. Ile simu haikuwa na laini.

PinePhone inakula micro SIM. Laini yangu nano, iko kwenye simu yangu nyingine, ile ya M-Pesa na ya kupigiwa. Nilipopokea PinePhone nilisema nitatafuta adapta ya laini, nikasoma mahali kwamba adapta ikiingia tupu inanasa vile vipini vya ndani inavikunja, nikaogopa, nikaahirisha, nikasahau. Kwa hiyo siku zote zile modemu haijasajiliwa popote, haipokei SMS, haipigiwi, haina sababu yoyote ya kumwamsha mtu. Ndo maana betri ilikuwa inakaa! Yale majibu matamu ya siku nzima na ushee hayakutokana na pachi hata kidogo. Watu wanaomba pachi ya kuamka ipimwe, mimi nimeipima kwenye simu isiyoweza kupigiwa na binadamu yeyote.

Ungedhani hapo nilisema. Sikusema. Nilikaa kimya siku kadhaa, najifanya niko bize, na hiki kinaniuma kuliko kosa lenyewe, maana watu waliendelea kulitafuta tatizo kusikohusika, kuna mmoja alikesha analinganisha matoleo ya firmware kwa sababu mimi mtaalamu nilisema firmware. Sentensi moja yangu ingempeleka kulala. Mwishowe nikashuka Kariakoo nikanunua adapta, nikaweka laini, nikaacha simu ilale, nikajipigia. Kimya. Nikapiga tena, kimya. Nikaandika ukweli wote bila kupamba, yule mpole akajibu asante, hii inatusaidia sana. Hakuna kejeli, hakuna nini, heri angenitukana tu tukayamaliza. Pachi ikarudishwa nyuma, na kwenye maelezo ya kuirudisha imeandikwa kwamba majaribio yalifanyika bila SIM, jina langu liko mistari michache juu yake, na git mnaijua haina kusahau. Mwenye pachi aliitengeneza baadaye ikaingia vizuri, na kwenye ile raundi aliomba watu wajaribu "na laini ndani". Hakunitaja. Ila kila mtu alijua.

Sa hivi nikijaribu kitu naandika kifaa, toleo la bodi (1.2a sio 1.2b), kerneli, firmware ya modemu, mtandao, nilichojaribu na ambacho sikujaribu. Hicho cha mwisho ndo wasimamizi wanakisoma kwanza. Halafu majuzi namkuta kijana kaandika "nimejaribu, inafanya kazi" kwenye MR ya kamera. Namuuliza kamera ya mbele au ya nyuma, ananiambia hakufungua kamera, aliona tu simu imewaka. Mdogo wangu. Tena bora ya kwangu, angalau mimi sikujua.

5. MR moja badiliko moja, ongeza pkgrel (namba ya marudio ya kifurushi), endesha pmbootstrap checksum kabla hujatuma, na CI (majaribio yanayojiendesha yenyewe) ikiwa nyekundu usimwite mtu aje kuangalia.

6. Kusubiri. Hawa wasimamizi wengi wana kazi zao za mchana, MR yako anaisoma usiku watoto wamelala, kwa hiyo kumtag kila asubuhi "mkuu vipi ile yangu" hakuiharakishi, kunamfanya aanze na ya mwenzako. Ukitaka yako isomwe mapema kasome za wengine, jaribu moja, toa ripoti ya maana, namba 4 umeshaisoma. Na akikwambia uandike upya hajakuonea. Kuna mmoja aliambiwa device tree yake aigawe vipande vitatu, akaandika waraka mrefu kuhusu jinsi Waafrika tunavyobaniwa kwenye miradi huria, na kubaniwa kupo mahali pengine sikatai, ila siku hiyohiyo kuna Mjerumani aliambiwa agawe yake vipande kumi na moja, na aligawa.

7. Kama C inakutisha anza na nyaraka, ukurasa wa kifaa chako kwenye wiki una uwongo wa miaka mingi unaosubiri mtu aufute.

8. Usifanye apk upgrade kwenye edge usiku wa kuamkia safari. Najua hutanisikia, utaona vifurushi vimejipanga mkono utawasha, utasema ni phosh tu hii, muonekano wa skrini, na kerneli kidogo. Basi angalau beba kitochi, na hakikisha laini iko ndani ya kitochi.