Muulize Fundi wa Vigari: Datsun ya Safari inakaa toi

SWALI: Sasa fundi. Niko Nyalenda hapa Kisumu. Binamu yangu akitoka Dubai aliniletea seti ya plastiki ya kuunda Datsun 240Z ya Safari Rally ya 1971, skeli 1:24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari ya ukweli), ile ya boneti haifunguki. Nimepiga bodi nyekundu na boneti nyeusi vile picha ya boksi inaonyesha, lakini rangi imekauka na ukungu mweupe juu, na hata nikiangalia tu umbo, gari ikiwa kwa meza inakaa toi ya supamaketi. Sasa nimenunua waya ya stima nifunge taa za mbele, nimekata tube ya baiskeli niweke vizuia matope nyuma ya matairi na nimechota mchanga wa ziwa huku Dunga nipake kama matope. Naendelea ama naharibu?

JIBU: Simama kwanza kaka, usigundishe chochote. Gari umechagua poa sana, hiyo ndiyo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo 1971, na Shekhar Mehta akafuata nambari mbili na 240Z ingine, halafu 1973 Mehta akashinda mwenyewe baada ya kumaliza pointi sawa kabisa na Harry Källström ambaye pia alikuwa kwa Datsun. Kwa hivyo wazee wengi wanaijua hiyo gari kwa macho na watakusumbua ukikosea.

Tuanze na ukungu. Rangi haina shida, ni hewa ya ziwa. Ukispreya, thinner inaruka haraka na kupoza plastiki, ule unyevu ulio hewani unashika juu ya rangi kabla haijakauka, ndio unaona weupe. Kisumu usispreye asubuhi na mapema wala baada ya ile mvua ya jioni, ngoja saa tano saa sita jua likiwa limeshika, tumbukiza kopo kwa maji ya vuguvugu dakika chache (vuguvugu, si moto, na usiwahi kuiweka karibu na jiko) halafu piga koti nyepesi nyepesi. Na usikimbilie kukwangua ile ya kwanza. Mara nyingi siku kavu ukipitisha koti moja nyepesi juu yake ule weupe unayeyuka wenyewe. Ikikataa ndio unachukua msasa laini sana wa namba 2000 na maji.

Sasa hii ya kukaa toi, hapo ndio watu wengi hupotelea, wanafikiri gari inakosa vitu kumbe vitu viko vingi na vyote ni vinene. Kabla hujaweka kitu chochote kwa hiyo gari kipime, halafu zidisha mara 24 uone kingekuwa saizi gani kwa gari ya ukweli. Waya yako ya stima ukitoa hata ile plastiki ya juu, shaba ya ndani ni kama milimita 1.4, mara 24 inakuwa zaidi ya milimita 33. Hiyo si waya ya taa, hiyo ni bomba la maji. Chukua waya laini ya extension au ya pasi, chuna, ndani utapata nyuzi nyingi za milimita 0.2 hivi, uzi mmoja ndio waya wako, uchovye kwa rangi nyeusi mara moja uachie hapo.

Tube ya baiskeli pia kosa lilelile, milimita moja inakuwa mpira wa sentimita 2.4, hakuna gari imewahi kuvaa mpira kama huo. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni milimita 0.1, gundisha mbili pamoja, paka nyeusi isiyong'aa, ikunje kidogo pembeni ionekane imechapwa na mawe. Mikanda ya viti, ya ukweli ni kama sentimita 5 upana, wewe kata milimita 2, tumia ile plasta ya kitambaa ya duka la dawa, inakaa kabisa kama mkanda.

Mng'ao nao. Bodi yako ikimeta kama sahani, jicho linajua mara moja ni kitu kidogo. Ipunguze na vanishi ya nusu-mng'ao. Boneti nayo iwe dufu kabisa, kwa sababu gari za rally zilipakwa boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni, na ile nyeusi changanya tone la kijivu, nyeusi tupu kwa kitu kidogo inakaa shimo.

Na huo mchanga wa Dunga rudisha ziwani! Chembe ya nusu milimita mara 24 ni jiwe la milimita 12, yaani utakuwa umepaka gari kokoto. Tumia vumbi la chaki ya rangi, ama udongo uliosagwa ukapita kwa soksi ya nailoni mara kadhaa hadi ubaki kama poda. Safari ya enzi hizo ilikuwa inakimbizwa Pasaka, mvua ya masika imeanza, kwa hivyo matope hapa vumbi pale. Udongo mwekundu wa Kericho unafaa kwa matope yaliyokauka, na kwa vumbi tafuta ile rangi hafifu ya Naivasha, ile ya majivu ya volkano yenye madereva wa WRC (mashindano ya dunia ya rally) wanalia nayo tangu Safari irudi humo 2021. Usipake gari nzima sawasawa. Weka mingi nyuma ya kila tairi, chini ya milango, na nyuma chini ya bampa, halafu kwa kioo cha mbele kata selotepu kwa umbo la ile nusu duara ya waipa, bandika, paka vumbi, bandua. Hapo tu watu wataacha kuuliza kama ni toi. Ukimalizia na vanishi ya kushikilia vumbi, ujue hilo vumbi litafifia kidogo, kwa hivyo paka mingi zaidi mwanzoni.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa kijana wa darasa la saba, Kakamega. Anatengeneza gari za waya kila siku, sasa amesikia habari za Joginder Singh, yule dereva wa Safari Rally, anataka kuunda gari yake. Hizo seti mimi siwezi. Kuna njia?

JIBU: Iko mama, na hata ni afadhali. Joginder alizaliwa hukohuko kwetu Kericho, akashinda Safari ya 1965 na Volvo PV544 halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Mwambie achukue Lancer, ina kona kona, Volvo imeviringika sana kwa kadibodi. Atumie skeli ya 1:10 hesabu isimpige: kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma gari ya ukweli ni milimita 2340, yake iwe sentimita 23.4. Urefu wote kama 40. Fremu waya vile amezoea, bodi kadibodi ya boksi la biskuti ile nyembamba, tairi akate kwa slipa iliyoisha ziwe kama sentimita 6. Mabati ya taa atoe kwa kopo la soda, lakini makasi ushike wewe.

SWALI: Niliweka vioo na supa glu vikafanya ukungu. Section 58, Nakuru.

JIBU: Ni mvuke wa supa glu huo. Sugua na dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa laini, ile isiyo na jeli, ikibaki alama chovya kwa vanishi ya kung'aa. Kioo kinashikwa na gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.