Nesi mpya unayekuja Kusini, haya chuoni hujaambiwa

Kila ajira za afya zikitoka napata meseji za vijana waliopangiwa Tandahimba, Newala, Nachingwea huko, mikoa ya Mtwara na Lindi, wanauliza umeme upo, nyumba ya mtumishi ipo, maji je. Sawa, ulizeni, ila hamna anayeuliza wagonjwa wenyewe wakoje, na hilo litakutesa kuliko hata maji ya Newala.

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Masasi, kazi nimefanya zahanati za huku huku. Kwanza punguza ukali. Najua foleni ndefu na uko peke yako, lakini mama ukimfokea "mlikuwa wapi siku zote" hakwambii kweli, atasema homa imeanza jana usiku na mtoto hajapewa kitu, kumbe siku ya nne hiyo na kashanyweshwa mizizi kwa mganga. Na hiyo mizizi unatakiwa uijue kabla hujaandika dawa! Mi huuliza taratibu tu, "mama, nyumbani mlianza kumsaidia na nini?" na mara nyingi bibi yake ndo anajibu.

Afu kuna degedege. Huku wengi wanaamini mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, na usiwacheke maana wameona kwa macho yao: mtoto anakakamaa, anapelekwa kwanza kufukizwa, malaria inazidi kupanda kichwani, analetwa kwetu hajitambui, anachomwa sindano na muda si mrefu anafariki, sasa ulitegemea walaumu nini? Ukishalielewa hilo hutabishana na mtu. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpime, muonyeshe bibi kile kipimo na mistari yake miwili, mwambie sindano hii ya artesunate inakwenda kupiga wadudu wa malaria walioko kwenye damu, na mwache amshike mjukuu wake mkono wakati unachoma. Yote hayo unayasema huku mikono inaandaa dawa, usikae kuhutubia, na rufaa iandikwe.

Rufaa nayo ina mwenyewe: mjomba. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo unaweza kumweleza mume vizuri kabisa kuhusu kwenda hospitali ya Ndanda au Ligula, anaitikia ndiyo ndiyo, na hakuna anayenyanyuka. Mpigieni mjomba simu. Lakini, na hapa wengi wanateleza, muulize kwanza mgonjwa mwenyewe, pembeni, kama anataka mjomba ajue na ajue kiasi gani. Mtu mzima mwenye akili timamu, ridhaa yake na siri yake, mjomba hata awe mkali vipi hasaini badala yake. Majibu ya VVU ndo kabisaa, hata kama aliyemleta ndo kalipa nauli.

Kijana wa kiume, mama wa umri wa mama yako hawezi kukwambia shida ya sehemu za siri, mwite nesi mwenzio wa kike, basi.

Dirishani kwenye dawa sasa. Umeandika 4x2, yaani vidonge vinne mara mbili kwa siku, kwenye bahasha ukadhani umemaliza. Dawa ya mseto ya malaria, dozi ya pili ni baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku 3 ziishe, na inywewe na chakula. Ramadhani mzee kafunga, atakuitikia "haya mwanangu", akifika nyumbani anasubiri futari. Muulize kama kafunga. Msahafu umempa mgonjwa ruhusa ya kula akalipa siku nyingine, Baqara aya ya 185, ila likitoka kwako kijana wa Moshi halina uzito sana, zoeana mapema na shehe wa hapo kijijini. Mzee akikubali, tafuta uji, ameze dozi ya kwanza mbele yako, afu akurudishie kwa mdomo wake atakunywa tena lini. Akijibu "kama ulivyosema", hajakuelewa huyo, anza upya.